Naiti yako ya kwanza wodini: hesabu pumzi, kisha mwite sista

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo kwa vitendo, swali lenu kuhusu naiti, yaani zamu ya usiku, huwa moja: ninywe nini nisisinzie? Nitalijibu, ila mwishoni, maana kusinzia kuna dawa. Kazi ipo kwenye kumsumbua mkubwa wako saa kumi alfajiri.

Mchana wodi imejaa madaktari wa raundi, wakufunzi na wanafunzi waliosongamana kitanda kimoja. Usiku mnabaki sista na wewe, na daktari wa zamu ana wodi nyingine za kuangalia. Macho ya mwanafunzi, ambayo mchana hayaulizwi kitu, usiku yanategemewa.

Kwenye makabidhiano usisikilize ripoti ukiwa umeegemea meza ya dawa. Tembea kitanda kwa kitanda na anayeondoka, ukiandika: nani amebadilika leo, dripu ya nani inakaribia kuisha, nani ana dawa ya saa sita. Mtoto mwenye malaria kali aliyechomwa atesuneti, sindano ya malaria, saa nne asubuhi anatakiwa kuchomwa tena saa nne usiku, kisha saa nne asubuhi inayofuata. Hiyo ya katikati ndiyo rahisi kusahaulika, kwa sababu aliyeianzisha ameshaenda nyumbani.

Sasa vipimo, na hapa niseme tunachokijua wote bila kukiandika. Fungua mafaili ya usiku uone upumuaji: 20, 20, 20, kuanzia bibi mwenye nimonia hadi kijana aliyevunjika mguu. Presha ina mashine yake. Pumzi zinataka mtu asimame dakika nzima akihesabu, na dakika hiyo ni ndefu vitanda vikiwa vingi. Lakini pumzi mara nyingi hubadilika kabla presha haijashuka. Mtu mzima aliyetulia kitandani huvuta pumzi kati ya 12 na 20 kwa dakika; akifika 28 ana jambo, hata kama hajalalamika. Usimwambie unazihesabu, atazibadilisha. Shika mkono wake kama unayepima mapigo, utazame kifua. Usiku ndio wakati mzuri wa kujifunza hili, ndugu wameondoka na hakuna anayekuvuta shati.

Huku Mbeya, Juni na Julai, angalia sana joto la vichanga. Chini ya nyuzi 36.5 mtoto anapoa, na mahali pake ni kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani. Bibi yake atakushangaa: unamvua mtoto nguo kwenye baridi hii? Mwamkie kwanza, mweleze taratibu, kisha mwombe yeye ndiye awafunike wote wawili. Akishashiriki, atakulindia huyo mtoto hadi asubuhi.

Umekuta mabadiliko, na sista amejiinamia mezani. Unaogopa kusemwa, na kweli wapo watakaokusema. Mwite hivyo hivyo. Ila usiende na "sista, yule bibi simwelewi." Nenda na namba: "Samahani sista, bibi wa kitanda cha tisa saa sita alikuwa anapumua 20, sasa 30, na oksijeni ya damu imetoka asilimia 96 hadi 89." Hata aliyenuna atainuka. Andika kwenye faili saa uliyomwita na alichoagiza. Ushujaa wa kuanzisha dawa peke yako uache kabisa. Hujasajiliwa, na mgonjwa si wa kujaribia.

Kati ya saa tisa na kumi na moja alfajiri mwili hushuka joto na akili hulegea, upende usipende. Dozi ya mtoto wakati huo piga hesabu na mtu wa pili, kwa sauti.

Na usingizi, kama nilivyoahidi. Kula ushibe kabla ya kuingia. Wodini beba uji kwenye chupa ya chai na ndizi. Ugali wa saa saba usiku siupendekezi kwa mtu yeyote. Kahawa au chai ya rangi iishie saa nane, kwa sababu muda wa saa tano hivi baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini na itakukatalia kulala asubuhi. Ukitoka una usingizi, kwa hiyo acha bodaboda, panda daladala. Hosteli, ziba dirisha kwa khanga mbili na uzime simu. Na yule mwenzako wa chumba anayefungulia singeli saa nne asubuhi, elewana naye kabla ratiba ya naiti haijabandikwa.