Kwa dada mkulima wa mwani wa Pemba: gesi si mafuta, na anzeni kupima sasa

Assalaam aleikum dada yangu, na wadau wote.

Kwa wanaoingia sasa: dada huyu analima mwani kaskazini mwa Pemba. Kijijini kwao kuna mazungumzo ya kampuni kuja kutafuta mafuta baharini, na watu wamegawanyika. Wapo wanaosema bahari itakufa. Wapo wanaosema nishati ikipatikana hapa hapa misitu itapona, kwa kuwa watu wataacha makaa. Anauliza nani mkweli.

Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Kilwa. Kati ya 2011 na 2014 nilifanya kazi huku kusini: kwanza nilikuwa mwakilishi wa wavuvi kwenye boti iliyotangulia meli ya utafiti, ile inayotafuta gesi na mafuta chini ya bahari kwa mshindo wa sauti, kisha nikahamia Mtwara, kwenye yadi ya kuhudumia meli za kuchoronga visima. Mshahara wa kazi hiyo ndio uliomsomesha mdogo wangu, kwa hiyo siwezi kusema hakuna chema ndani yake. Lakini kuna usiku mmoja sijausahau, nitaueleza.

Kabla ya yote, mtu akija kijijini kwenu muulizeni: unatafuta gesi au unatafuta mafuta? Tumezoea kusema "mafuta na gesi" kama kitu kimoja. Mitambo ya kuchimbia ni ileile, ila vikitoroka kisimani havifanani hata kidogo. Gesi ikitoroka hatari yake kubwa ni moto na mlipuko kwa waliopo pale, na methani inayofika angani inazidisha joto la dunia. Haiji ufukweni kama utando mweusi. Mafuta ghafi yanakuja. Yanaelea, yanasukumwa na upepo, yananata, yanaingia kwenye tope la mikoko na kukaa humo. Mwaka 1986 yalimwagika Bahía Las Minas kule Panama, na miaka mingi baadaye matope ya mikoko yalikuwa bado yanayatoa kila maji yakipanda na kushuka. Mnajua mkoko unavyopumua kwa mizizi iliyo juu. Ukiiziba ile mizizi mti unakufa umesimama, na kaa na kamba waliokuwa chini yake wanakwenda nao.

Huku kwetu kilichopatikana baharini mpaka sasa ni gesi. Ya Songo Songo, kisiwa cha kwetu Kilwa, iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay kule Mtwara 1982, na kuanzia 2010 ikaja ya bahari kuu, kwenye vina vinavyozidi mita 2,000 kwa baadhi ya vitalu, yaani maeneo ya bahari yaliyogawiwa kampuni. Ukijumlisha na ya nchi kavu, makadirio ni takribani futi za ujazo trilioni 57.

Na hapa niwape haki yao wale wenzako wanaotetea. Gesi ya Songo Songo inakwenda Dar es Salaam tangu 2004, na kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulitokana na gesi. Bila hiyo tungechoma dizeli na mafuta mazito. Pemba mlikuwa mnatumia majenereta ya dizeli mpaka 2010, ulipolazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga. Ule waya unaleta umeme wa gridi, na ndani ya gridi ile imo gesi ya kwetu Kilwa. Kwa hiyo dada, moshi wa dizeli ulioondoka Pemba uliondoka kwa msaada wa kisima cha baharini. Hiyo faida ni ya kweli.

Hoja ya makaa ndiyo inayonipa shida. Mtungi wa jikoni hautoki Songo Songo. Gesi ya mtungi ni propani na butani, na inakuja kwa meli kutoka nje. Gesi yetu ya asili ni methani, ambayo kuifikisha jikoni kunataka bomba mpaka mlangoni, na nyumba zilizounganishwa Dar, Lindi na Mtwara bado ni chache mno ukilinganisha na majiko ya makaa. Anayewaambia kisima kikichimbwa tu mikoko itasalimika, muulizeni bomba litapita wapi na lini.

Kuna na mchangiaji amesema mitambo ya baharini inageuka kuwa miamba ya samaki. California wamepima na kweli samaki wamejaa kwenye nguzo za ile mitambo. Ila zile ni nguzo zilizosimama kwenye maji ya wastani. Kisima cha kina cha mita 2,000 hakina nguzo ya kumfugia mtu changu.

Sasa hatari. Ninyi mko kaskazini yetu, na mkondo wa pwani unakwenda kaskazini mwaka mzima. Maji ya mkondo wa ikweta yanagonga bara karibu na mpaka wetu na Msumbiji, yanagawanyika, na nusu ya juu inapita Mtwara, Kilwa, Mafia, Unguja, Pemba hadi Kenya. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, yanakimbia. Jarife, ule wavu mrefu wa kuelea, likikatika Kilwa, mwenyewe anauliza habari zake Mafia, hasumbuki kuulizia Mikindani iliyo kusini. Kwa hiyo hata kama hakuna kisima kitakachochimbwa mbele ya Pemba, kinachofanyika kusini kinawahusu.

Nilishuhudia zoezi la kudhibiti umwagikaji Mtwara, na naomba mlielewe vizuri kwa sababu ndilo lililonibadilisha mawazo. Badala ya mafuta walimwaga pumba za mpunga, magunia kadhaa, halafu boti mbili zikavuta kizuizi cha kuelea, mfano wa bomba refu la rangi ya machungwa lenye sketi inayoning'inia majini. Maji yalikuwa yamesimama, bamvu (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) limejaa. Pumba zikajikusanya vizuri, watu wakapiga picha. Baada ya muda maji yakaanza kutoka. Niliinama ukingoni mwa boti nikaziona pumba zinazama chini ya sketi na kuibukia upande wa pili, utepe mmoja, halafu mitatu, halafu zote. Mtaalamu aliyekuwa nasi alisema wazi kwamba mkondo ukikipiga kizuizi moja kwa moja kwa kasi inayozidi noti 0.7, ambayo ni polepole kuliko mwendo wa mtu anayetembea, hakishiki kitu, ndivyo kilivyo duniani kote. Mnaoishi kwenye milango ya bahari mnajua maji ya bamvu yanavyotoka. Yanazidi sana noti 0.7.

Ile ilikuwa pumba, na mchana, na bahari shwari. Ghuba ya Mexico, Aprili 2010, mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka, watu 11 wakafa, na kisima kilichokuwa chini ya mita 1,500 hivi za maji kilimwaga mafuta siku 87. Serikali ya Marekani ilikadiria mapipa milioni 4.9. Na Marekani ina meli, ndege na viwanda pale pale. Sisi huku, kifaa cha kufunika kisima kilichopasuka kilicho karibu kimehifadhiwa Saldanha, Afrika Kusini, na kinasafirishwa kwa meli. Hesabuni siku za safari, kisha siku za kukifunga, kisha mtazame mkondo umefika wapi.

Lakini kisa kinachokuhusu wewe hasa si cha Marekani. Ni cha wakulima wa mwani wenzako wa Indonesia. Agosti 2009 kisima cha Montara, upande wa Australia kwenye Bahari ya Timor, kilipasuka na kumwaga mafuta siku 74. Uchunguzi ulionyesha kisima hakikuwa kimezibwa sawasawa. Wakulima wa Rote na Kupang, zaidi ya kilomita 200 kutoka pale, waliona mwani wao unageuka rangi na kuanguka kutoka kwenye kamba. Kesi yao ilifunguliwa mahakamani Australia 2016, kwa niaba ya wakulima zaidi ya 15,000. Hukumu ikatoka 2021 kwamba mafuta yalifika na yaliua mwani. Fedha zilikubaliwa 2022, dola za Australia milioni 192.5. Miaka 13! Na sehemu kubwa ya mvutano ilikuwa maswali mawili: mafuta yalifika kweli? Na mwani ulikuwa kiasi gani kabla?

Swali hilo la pili ndilo ninalotaka ubaki nalo, na sasa nieleze ule usiku.

Meli ya utafiti inavuta nyaya ndefu nyuma yake, kilomita 6 na zaidi, na mizinga ya hewa inayopiga mshindo majini kila baada ya sekunde kama 10, usiku na mchana, kwa wiki. Kabla ya kuanza, mwangalizi anatazama nyangumi na pomboo kwa dakika 60 kwenye maji ya kina kirefu, kisha mizinga inaanza polepole. Hilo nililiona likifanywa, na si uongo. Tatizo letu lilikuwa wavuvi. Taarifa zilitumwa ofisi za wilaya na kutangazwa redioni. Wakojani, wavuvi wa kisiwa cha Kojani huko kwenu Pemba, waliokuwa wamepiga dago (kambi ya uvuvi) kwenye kisiwa kidogo hawakuwa na redio wala barua. Saa nane usiku taa yetu ilimulika madumu ya njano, yale ya mafuta ya kula, yamepangana juu ya maji. Lilikuwa jarife. Nilipiga kelele kwenye redio, lakini meli yenye mkia wa kilomita 6 haigeuzwi kama ngalawa. Nikasimama pale nikiangalia madumu yanavutwa chini, moja baada ya jingine, mpaka taa haikuwa na cha kumulika.

Usiku ule majarife mawili yalikatika, ya vyombo viwili. Nahodha mmoja alikuwa na daftari la shule. Kila siku aliandika kilo, aina ya samaki na bei ya mnadani. Alilipwa jarife na siku zote alizokaa bila kuvua. Wa pili hakuwa na maandishi. Alilipwa jarife tu, baada ya miezi minane, na mabaharia wake ambao mgao ndio mshahara wao hawakupata chochote. Bahari ni ileile, hasara ni ileile.

Wavuvi wa Kilwa walilalamika pia kwamba wiki zile jodari walipungua. Ninaamini inawezekana. Kwenye Bahari ya Barents, Wanorwe walipima miaka ya 1990 wakakuta mizinga ya hewa imepunguza samaki nyavuni karibu nusu, hadi maili 18 za baharini, na siku tano baadaye samaki walikuwa hawajarudi. Lakini nilipoulizwa ofisini nithibitishe yetu, sikuwa na kitu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepima kabla. Ikaandikwa "hakuna ushahidi". Mpaka leo inaniuma.

Msimamo wangu, kwa kuwa umeuliza. Gesi ya bahari kuu, ikiwa na masharti, ningeikubali. Mafuta ghafi karibu na miamba, mikoko na mashamba ya mwani, ndani ya mkondo kama wa Pemba, ningeyakataa, hata pesa ikiwa nzuri kiasi gani. Mafuta yakichomwa yanakurudishia madhara kwa njia nyingine pia, kwa kuzidisha joto la dunia na la bahari. Mwaka 1998 nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka wazee walivyorudi kutoka Mafia wakisema matumbawe yamekuwa meupe kama chokaa. Lilikuwa joto la maji. Na wewe unajua mwani wa aina ya kotoni unavyokufa maji yakipata moto.

Na msidhani mkikataa kisima mmemaliza. Bomba la mafuta ya Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, Tanga, mkabala na ninyi, na mafuta yake yatapakiwa kwenye meli. Mauritius hawakuwa na kisima chochote, lakini Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba na kumwaga tani zipatazo 1,000, na wananchi wakawa wanashona vizuizi kwa majani ya miwa.

Kwa hiyo mkutanoni, zaidi ya lile la gesi au mafuta, ulizeni tathmini ya mazingira imepima bahari yenu kwa misimu yote miwili, kusi na kaskazi, au imepima wiki mbili tu. Ulizeni nakala itakaa wapi ili mkaisome. Ulizeni pesa ya fidia iko benki tayari au itatafutwa siku ya ajali. Ulizeni na mawe yaliyosagwa kisimani, pamoja na tope la kuchorongea, yatamwagwa wapi.

Halafu bila kungoja mkutano, anzeni kupima. Mizani ya kuning'iniza ya sokoni inatosha. Kila bamvu andikeni tarehe, kamba ngapi, kilo mbichi, kilo kavu, mwani ulioharibika, rangi ya maji. Mwekeane saini wakulima watatu, na sheha, kiongozi wa serikali wa hapo kwenu, agonge muhuri kila mwezi. Fomu tuliyokuja kuwatengenezea wavuvi baada ya ule usiku bado ninayo. Kesho nikirudi Kilwa Masoko nitaipiga picha niiweke hapa, mbadilishe tu safu ya samaki iwe ya mwani.