Ampli ikivuma, usianze na bisibisi

Wadogo zangu mnaoanza kupiga gita la umeme hapa Lubumbashi, kwenye kwaya ya kanisa au kwenye orkestra ya mtaa, ampli zenu zitavuma. Hata ampli ya bei kali huvuma. Wengi wakisikia mvumo wanashika bisibisi, au wanaipakia ampli peke yake kwenye teksi hadi kwa fundi, na fundi akiiwasha mezani iko kimya kabisa. Teksi umelipa, tatizo umeliacha nyumbani: lilikuwa kwenye waya, au kwenye prizi, au kwenye taa ya sebuleni.

Kazi ya kwanza ni kujua kelele inaingilia wapi, na kazi hiyo haihitaji kifaa chochote. Chomoa waya wa gita kwenye ampli, iache ampli inawaka yenyewe, volyumu ikiwa pale unapopigia siku zote. Ikinyamaza, iache ampli, katafute nje. Ikiendelea kuvuma, shusha volyumu hadi sifuri. Mvumo usiojali volyumu kabisa unatoka ndani, mara nyingi upande unaolisha umeme.

Kisha rudisha waya na gita, lakini funga volyumu ya gita lenyewe. Kelele ikiisha, ilikuwa inaingilia kwenye gita. Ikibaki, shuku waya au tundu la jeki. Ila usipime waya uliochomekwa kwenye ampli huku ncha ya pili inaning'inia. Waya wa namna hiyo hunguruma hata ukiwa mpya kutoka dukani, na vijana wametupa waya zisizo na kasoro kwa sababu ya kipimo hicho.

Halafu tumia sikio, maana gita mkononi tayari ni kipimo. Umeme wetu ni wa volti 220 na hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Bonyeza freti ya tatu kwenye kamba nene kuliko zote: hiyo ni sol, karibu hezi 98. Mvumo wa ampli ukiwa hapohapo, juu kidogo tu ya noti yako, ni hezi 100, na hapo mshukiwa wa kwanza ni kapasita za kuchuja. Umeme ukishapita kwenye dayodi, vile vipande vinavyougeuza uende upande mmoja tu, unatoka na mapigo mara mbili, na kapasita ndizo zinazoyalainisha. Zikikauka, mapigo yanapita hadi kwenye spika. Mvumo ukiwa oktava nzima chini, yaani sol ya freti ya tatu kwenye kamba nene ya gita la besi, ni hezi 50. Huo fikiria waya mbovu, masi (njia ya umeme kwenda ardhini) iliyokatika, au transfoma iliyo jirani na gita. Spika ndogo ya ampli ya mazoezi haiitoi hezi 50 vizuri, kwa hiyo sikiliza kwa makini kabla ya kuamua. Na zile video za Marekani zinazotaja hezi 60 zinasema kweli, lakini kwa umeme wa kwao. Noti yao haitalingana na yenu.

Kuna kelele ya pili, mlio mkali kama wa nyuki, ambao hauna noti ya chini bali umejaa makali. Huo kwa kawaida hautoki kwenye ampli. Unatoka kwenye taa za neoni, swichi za kupunguza mwanga, chaja za bei rahisi za simu, na kwa mji wetu wa delestaji, yaani mgao wa umeme, unatoka kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa prizi. Inveta nyingi za bei nafuu hazitoi wimbi laini kama la umeme wa nguzo; zinatoa wimbi la ngazi ngazi, na kila ngazi inasikika kwenye spika. Washa ampli kwa umeme wa kawaida, sikiliza, kisha ihamishie kwenye inveta bila kugusa kitu kingine. Mlio ukizaliwa hapo, usimpe fundi wa ampli hata faranga. Nunua inveta ya wimbi safi kama mfuko unaruhusu, au pigia ampli ndogo ya betri wakati umeme umekatika.

Wenye paneli za jua, angalieni jambo hili: kama mlio unakuja mchana na kuisha jua likizama, ni kile kisanduku kinachochaji betri. Kinakata na kurudisha umeme wa paneli mara nyingi kwa sekunde, na nyaya zake ndefu zinatangaza kila mkato. Wakati wa mazoezi zima paneli, pigia betri peke yake.

Sasa masi, na hapa msisome mkiruka. Nyumba nyingi za huku zina prizi za matundu mawili tu. Ampli inakuja na waya wa miguu mitatu, mnaweka adapta, na mguu wa masi unabaki haujafika popote. Matokeo yake ni mvumo, na zaidi ya mvumo ni ule mtekenyo: mwimbaji anashika kamba za gita, anasogeza mdomo kwenye mikrofoni, anapigwa. Kundi likicheka, ninyi msicheke. Mtekenyo mdogo wa leo, siku kifaa kimoja kikiharibika ndani, unakuwa volti 220 nzima kati ya mkono na mdomo. Zimeni, mwiteni fundi wa umeme achimbie fimbo ya masi ardhini na kuivuta hadi kwenye prizi. Kiangazi cha Katanga hukausha udongo sana kuanzia Mei, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo fupi iliyofaa wakati wa mvua inaweza isifae mwezi wa nane. Achimbie ndefu.

Makanisani kuna mvumo wa aina yake. Ampli iko kimya, mikseri iko kimya, mkiziunganisha kwa waya zinavuma zote mbili. Ampli imechomekwa prizi ya madhabahuni, mikseri prizi ya nyuma ya ukumbi, na sasa kuna njia mbili za masi zinazofanya duara. Chomekeni vyote kwenye multiprizi moja, hata ikibidi kuvuta ralonji ndefu. Isipotosha, tumieni kisanduku cha DI, kile kinachokaa kati ya chombo na mikseri, chenye swichi ya kukata masi ya sauti. Masi ya sauti, narudia. Yule anayekata mguu wa masi kwenye plagi ya ampli ameondoa mvumo na ameweka mtego.

Gita nalo lina tabia zake. Mikro zake, zile koili zenye sumaku chini ya kamba, hukamata uga wa sumaku wa transfoma yoyote iliyo karibu. Yenye koili moja huvuma, ndivyo ilivyo. Seth Lover wa Gibson alitengeneza ya koili mbili katikati ya miaka ya 1950: koili zinapingana, mvumo unajifuta, sauti ya kamba inabaki. Kama yako ni ya koili moja, geuka. Simama na gita mkononi ukizunguka polepole. Kuna upande ambao mvumo unashuka sana. Simama hivyo, hatua chache mbali na ampli. Kelele ikipungua ukigusa kamba, hiyo ni kawaida ya gita lisilofunikwa vizuri ndani. Ikiongezeka ukigusa, fungua tundu la jeki: huenda nyaya mbili zimelehemiwa kinyume.

Pedali, vile visanduku vya mguuni vya kubadilisha sauti: ondoa zote, rudisha moja moja, na ile unayoishuku ipe betri ya volti 9 badala ya chaja. Distoshani, pedali ya kukwaruza sauti, inakuza kila kelele inayoingia ndani yake, usiilaumu. Simu itoke juu ya ampli.

Waya za bei rahisi za soko la Kenya hapa Lubumbashi, ukizichana utaona nyuzi chache za shaba zimezungushwa kivivu kuzunguka waya wa katikati. Ngao hiyo haizuii kitu. Bora waya mmoja mzuri wa mita tatu kuliko mitatu mirefu.

Ukishafika kwenye kapasita, simama. Ampli ya taa, yaani ya valvu za kioo badala ya transista, hubeba volti 300 hadi 500 ndani, na kapasita zinashikilia umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi. Mwachie anayejua kuzitoa umeme. Mwambie azibadilishe zote za kuchuja pamoja, volti zisiwe chini ya zile za mwanzo, na kama zinapatikana achague zinazostahimili joto la digrii 105 badala ya 85.

Ukienda kwake, beba na gita, waya wako na chaja ya pedali. Mweleze kama inavuma bila jeki, kama volyumu inabadilisha kitu, na kama ulikuwa kwenye inveta. Tundu la jeki lililolegea atalikaza ukiwa umekaa hapo unasubiri.