Ukihamisha Dawa, Hamisha na Lebo Yake

Nimetunza stoo ya pembejeo katika shamba la kahawa nje kidogo ya Moshi kwa miaka tisa, na ushauri huu niliupata kwa uchungu: usimimine kemikali katika chombo kingine bila kuandika upya yaliyo kwenye lebo yake. Msimu mmoja wa kupulizia, kijana wetu alirukiwa na dawa jichoni alipokuwa akiipima kutoka katika chupa ya maji ya kunywa. Tulimwosha kwa maji mengi, tukamkimbiza hospitali, na daktari akauliza, "Ni dawa gani?" Tukabaki kutazamana, kwa kuwa dumu lenye lebo lilikwisha kutupwa. Jicho lilipona, lakini muda ule wa kupiga simu huku na huko kutafuta jina la dawa siusahau.

Ndipo nilipojifunza mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, unaojulikana kama GHS, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003 ili hatari ile ile itambulike kwa alama ile ile popote kemikali inapofika. Alama ni tisa, kila moja mchoro mweusi ndani ya mraba uliosimamia pembe, wenye mpaka mwekundu. Lebo huwa pia na neno la tahadhari: "Danger" (hatari) ni zito kuliko "Warning" (onyo).

Chukua mrututu (salfeti ya shaba, dawa ya kuua ukungu), ambao wengi tumeuzoea tangu enzi za wazee wetu hata tukauona kama chumvi ya buluu. Lebo yake ina mchoro wa kimiminika kinachokula mkono na chuma, kwa sababu unaweza kuharibu macho vibaya, na ina mti mkavu na samaki aliyekufa, pamoja na namba H410, yaani ni sumu kali kwa viumbe vya majini na madhara yake hudumu. Huyo samaki ndiye ninayemsisitiza kuliko yote, maana bomba la kupulizia likioshewa mferejini, maji hayo hayo yanateremka hadi kwa jirani wa chini anayenyweshea ng'ombe wake.

Kwa kila kemikali, mwombe muuzaji karatasi ya taarifa za usalama, yenye sehemu 16: ya 4 ni huduma ya kwanza, na ya 8 ni vifaa vya kujikinga. Nakala zangu nimezitundika nje ya mlango wa stoo, kwa kuwa dawa ikimwagika ndani, hakuna atakayeweza kuingia kuzisoma.