Nimekatazwa shayiri, lakini nataka bia chungu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafanya biashara ya dagaa hapa Mwanga, Kigoma. Mwaka jana nilipimwa damu, wakachukua na kinyama cha utumbo, nikaambiwa nina ugonjwa wa siliaki: nisiguse ngano wala shayiri maisha yangu yote. Chapati nimeshaziaga. Lakini jioni nikimaliza hesabu nilikuwa na bia yangu moja ya baridi, laga yenye uchungu, pamoja na mgebuka wa kuchoma. Jirani akaniletea bia ya mtama akidhani amenitatulia shida. Ikaniacha na uchachu mdomoni, na usiku tumbo likanisumbua. Mwingine anasema nihamie wanzuki. Je, ipo bia isiyo na gluteni, ile protini ya ngano na shayiri, yenye ladha niliyoizoea, au nikubali tu soda?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Soda usiikubali bado. Ila tuanze na hilo tumbo, kwa sababu nashuku hukunywa bia ya mtama. Ulikunywa bia yenye mtama ndani, na hayo ni mambo mawili.

Kiwandani nafaka huchanganywa. Mtama au mahindi huleta wanga wa bei nafuu, kisha kimea cha shayiri huongezwa kwa sababu kina vimeng'enya vingi vya kuukata wanga huo uwe sukari. Mbele ya chupa unaonyeshwa suke la mtama. Shayiri iko nyuma, kwa herufi za sisimizi. Kupika laga bila shayiri kunawezekana. Nigeria ilipopiga marufuku kuingiza kimea cha shayiri mwaka 1988, viwanda vyake vililazimika kujifunza kupika kwa mtama na mahindi, vikinunua vimeng'enya pembeni. Lakini huwezi kujua kwa kutazama picha. Geuza chupa usome viambato. Maneno ya kukimbia ni barley (shayiri), wheat (ngano) na rye (nafaka ya jamii yao), na neno malt (kimea) likisimama peke yake lihesabu kuwa ni shayiri. Safari, Kilimanjaro, Serengeti na Castle zote ni za shayiri. Vile vinywaji vitamu vya kimea visivyo na kilevi navyo usijidanganye navyo: kilichokosekana humo ni kilevi tu.

Hata bia zinazotoka nje zikiwa zimeandikwa kwamba hazina gluteni ziko za namna mbili. Za kwanza zimepikwa kwa nafaka ambazo tangu shambani hazina gluteni: mtama, ulezi, uwele, mchele, mahindi. Redbridge ya Marekani ni ya mtama. New Grist ya Milwaukee ni mtama na mchele. Za pili zimepikwa kwa shayiri ile ile, kisha zikatiwa kimeng'enya kinachoikata gluteni vipande vipande. Mfano unaojulikana ni Daura ya Barcelona, iliyoanza kuuzwa mwaka 2006. Hizi za pili kwa ladha ndizo zinazofanana zaidi na laga yako, na vipimo huonyesha ziko chini ya miligramu 20 za gluteni kwa kilo, kiwango kinachokubalika kimataifa. Hata hivyo, mimi kwako sizipendekezi. Kipimo kinaweza kuhesabu kilichobaki, lakini vile vipande vilivyokatwa ni vigumu kuvipima sawasawa, na mwili wa mgonjwa wa siliaki unaweza kuvitambua hata vikiwa vidogo. Marekani iliona ugumu huo. Kwa kanuni yake ya mwaka 2020, bia ya shayiri hairuhusiwi kujiita isiyo na gluteni hata kama imepitia kimeng'enya. Anayejisikia tu mzito akila ngano anaweza kuzijaribu. Wewe umeshakatwa kinyama cha utumbo, usicheze.

Sasa ladha, ambayo ndiyo hasa uliyoniulizia.

Gluteni yenyewe haina ladha unayoilalamikia. Jiulize unachokikosa ni kipi. Uchungu unatokana na hopsi, maua yanayochemshwa pamoja na togwa ya bia. Ule mkwaruzo kooni ni gesi. Baridi ni friji. Vyote vitatu havina undugu na shayiri, kwa hiyo hujavipoteza. Ulichopoteza kweli ni kimoja: harufu ya kimea cha shayiri, kama ganda la mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Hapo ndipo mtama unapopwaya. Bia ya mtama mtupu, hasa inayopikwa kwa sharubati ya mtama badala ya kimea chake, huacha uchachu mkavu mwishoni, na mtama mwekundu huongeza ukakasi kwa sababu ya tanini zake. Ulezi na uwele ni wapole zaidi. Vimea vyake vikikaangwa kidogo vinatoa harufu ya biskuti na karanga. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kuchagua, chagua chupa iliyotaja nafaka za jamii hiyo, kama zinavyofanya bia za Glutenberg za Montreal, kuliko ya mtama pekee. Na kwa kuwa unapenda uchungu, usitafute laga nyepesi. Tafuta peili eli, yaani bia yenye hopsi nyingi, maana hopsi huufunika ule uchachu. Baadhi ya chupa huandika kipimo cha uchungu kwa herufi IBU: laga nyingi za kawaida huangukia kati ya 10 na 20, wewe anza na 30. Inywe baridi sana. Ikipata moto wa jua la Kigoma kwenye meza, mtama utajitokeza wote.

Chupa hizo usitegemee kuzikuta dukani Mwanga au Ujiji. Ni za kuagiza, na bei yake si ya kila jioni. Agiza mbili tatu za aina tofauti kwanza. Watu hununua kreti nzima kwa kusifiwa tu, halafu wanazigawa kwa wageni.

Wanzuki ni asali, maji na chachu, haina nafaka kabisa kama mpishi ni mwaminifu. Sisi Tabora asali ndiyo jina letu, na wanzuki naipenda, lakini ni tamu na haina uchungu. Aliyekushauri amekupa kinywaji salama, siyo jibu la swali lako. Pombe ya ndizi ya huko Kasulu kwa kawaida hutiwa unga wa mtama, kwa hiyo nayo ni sawa, mradi umuulize mama pombe kimea kimesagwa wapi. Mashine inayosaga unga wa lishe wenye ngano asubuhi ndiyo inayosaga mtama wake mchana.

Kwa ladha unayoitaka, na kwa mfuko wako, mimi ningepika mwenyewe. Loweka ulezi usiku mmoja, uoteshe siku mbili au tatu, uanike ukauke kabisa, upukute vijimizizi, kisha utwange kwenye kinu chako, siyo mashineni. Ukiona ukungu, mwaga wote. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Pika uji mwepesi wa mahindi au mtama mweupe mpaka uchemke barabara, kwa sababu wanga wa nafaka hizi hulainika kwenye joto kubwa kuliko wa shayiri. Uache upoe hadi nyuzi 63 au 65, ndipo utie kimea cha ulezi. Ukikitia ukiwa unachemka, vimeng'enya vinakufa na unabaki na uji. Funika saa moja na nusu. Utaonja togwa tamu. Kuchuja kutakusumbua, kwani ulezi hauna maganda magumu ya shayiri yanayofanya kazi ya chujio. Changanya maganda safi ya mpunga yaliyooshwa, utaona tofauti.

Kisha chemsha togwa hiyo pamoja na hopsi: gramu 25 hadi 30 kwa lita 20, saa nzima, maana uchungu hautoki bila kuchemka muda mrefu. Bakiza konzi ndogo ya dakika kumi za mwisho kwa ajili ya harufu. Hopsi zilizokaushwa ni nyepesi na husafiri vizuri kwa kifurushi. Ipoe, tia hamira kavu ya bia ambayo pakiti yake imeandikwa haina gluteni. Usiombe mashapo ya hamira kwa mtu anayepika bia ya shayiri. Povu lako litakuwa dogo kuliko ulilozoea. Hilo bado sijapata dawa yake ya nyumbani.

Halafu huyo mgebuka. Mwambie mchomaji akuwekee upande wa wavu ambao hajapashia chapati, na glasi ya bia iliyotoka kwa mwenzako ioshe kwanza kwa sabuni.