Stingy, greedy na mean

Mdogo wangu, umeuliza mgeni wako alikusudia nini pale Forodhani aliposema muuza urojo ni "mean", na kama ni sawa na "stingy" na "greedy".

"Stingy" ni bahili, mkono wa birika. "Greedy" ni mwenye tamaa: nahodha aliyekwishapatana bei ya kwenda Changuu kisha akaipandisha mko majini, huyo ni "greedy".

"Mean" ndiyo yenye vurugu. Muingereza huweza kukusudia ubahili. Mmarekani mara nyingi humaanisha ukorofi, roho mbaya. Muulize katoka wapi. Kama alikuwa analalamikia bajia mbili tu bakulini, mimi nasema Muingereza huyo! Na mtu akiitwa "cheap", hasifiwi: ni ubahili uleule.