Jibu: laptop ya RAM 8, saa sita za arusi, na sauti inayoachana na midomo

Mdogo wangu wa Goma, nimesoma swali lako na majibu yaliyotangulia. Kwa wanaoingia sasa hivi: ana laptop ya RAM GB 8 yenye kadi ya michoro ya ndani ya Intel, ana kama saa sita za video za dote (kikao cha mahari) na za ukumbini zilizochukuliwa kwa kamera moja na simu mbili, DaVinci, programu ya kuhariri video, inakwamakwama, sauti ya simu inaanza vizuri kisha inaachana na midomo, na anauliza anunue programu gani. Wenzangu wamekutajia programu kumi. Mimi nasema usinunue kitu. Nafanya montaji (uhariri wa video) ya arusi hapa Bukavu kwa laptop ambayo haijaipita sana ya kwako, na kazi zinatoka, wateja wanalipa. Shida yako ipo kwenye mafaili unayoimwagia programu kabla hayajatayarishwa.

Tuanze na kule kukwama. Kamera na simu nyingi zinarekodi kwa kodeki (njia ya kubana video) ya H.264, simu mpya kwa H.265. Kodeki hizi zinabana kwa ujanja: fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, inaandikwa nzima, zile zinazofuata zinaandikwa kama mabadiliko tu. Ukiwa unatazama mfululizo hakuna shida. Lakini montaji ni kurukaruka. Kila ukigusa katikati ya klipu, kompyuta inarudi nyuma kutafuta fremu nzima, inahesabu mabadiliko yote hadi pale ulipogusa, ndipo inakuonesha picha. Ifanyishe hivyo kwa kamera tatu kwa mpigo, lazima itaganda.

Dawa ni proksi, yaani nakala nyepesi za klipu zako ambamo kila fremu imeandikwa nzima. Kwenye Kdenlive, programu nyingine ya montaji, fungua mipangilio ya mradi, washa proksi, chagua kodeki ya MJPEG. Kwenye DaVinci chagua kwanza kodeki ya DNxHR kwa ukubwa wa nusu kwenye mipangilio ya mradi, kisha bonyeza kulia juu ya klipu, utaona chaguo la kuzitengeneza. Video ya 1920 kwa 1080 itakuwa 960 kwa 540, na kwa kukata hiyo inatosha kabisa. Iache laptop izitengeneze usiku umelala. Siku ya kutoa filamu, programu inarudi yenyewe kwenye mafaili halisi, kwa hiyo ubora haupungui hata kidogo.

Na programu? Kwa mashine hiyo, Kdenlive au Shotcut, zote bure. DaVinci Resolve ya bure ni zana kubwa na rangi zake naziheshimu, ila inategemea mno kadi ya michoro, na ya kwako haiwezi. Kama kuna mtu anakushauri uhamie Linux uitumie huko, jua kwamba toleo la bure la Resolve kwenye Linux halisomi H.264, utalazimika kubadilisha kila klipu kwanza. Programu za kuvunjwa (za wizi) nimeziona zikileta virusi kwenye disiki ya mteja, sitaki hata kuzijadili.

Sasa sauti inayoachana. Hapo jukwaa zima limekwambia "sogeza sauti kidogo". Ukisogeza, mwanzo unaharibika. Mimi huanza kwa kujiuliza: pengo linabaki vilevile, au linakua? Likibaki vilevile toka mwanzo hadi mwisho, basi hukulinganisha vizuri, sogeza. Likikua, yaani dakika ya 1 huoni kitu na dakika ya 40 mchungaji amefunga mdomo ndipo "amina" inasikika, hiyo ni simu.

Simu hairekodi kwa mwendo mmoja. Umeiwekea fremu 30 kwa sekunde, lakini ukumbi ukiingia giza au simu ikipata joto inashuka hadi 27, 24, kisha inapanda tena. Ndani ya faili kila fremu ina muda wake, ndiyo maana ukitazama kwenye simu yenyewe kila kitu kiko sawa. Ila programu nyingi za montaji zinazihesabu kana kwamba zote zina urefu mmoja. Sauti inatembea kwa saa, picha inatembea kwa idadi ya fremu, na njia zinaachana. Hakikisha kwa MediaInfo, programu ndogo ya bure: kwenye mstari wa mwendo wa fremu ukisoma Variable, umempata mwizi. Pitisha faili hilo kwenye HandBrake, nayo bure: weka fremu 25 kama kamera yako, weka alama kwenye mwendo usiobadilika, ubora RF 18. Kisha ndipo uliingize kwenye mradi na kulitengenezea proksi. Kutoka 30 kwenda 25 utaona picha ikiruka kidogo pale simu inapozungushwa haraka. Kwa arusi inavumilika.

Hata baada ya hapo, vifaa viwili havina saa moja. Kwa rekodi ndefu unaweza kupoteza fremu chache, basi kata sauti kwenye kimya, pale msemaji anapovuta pumzi, uisogeze kidogo. Hakuna atakayejua.

Kulinganisha kamera tatu usifanye kwa macho. Kdenlive inalinganisha kwa mawimbi ya sauti: chagua klipu moja iwe rejea, nyingine uiambie ijipange nayo. Inafaulu kama simu zote zilisikia sono (mitambo ya sauti ya ukumbini) ileile. Siku nyingine, kabla shughuli haijaanza, washa vyote na upige kofi moja kubwa mbele yao. Na angalia kamera yako kama ni ya zile zinazojizima zikifika dakika 29 na sekunde 59. Zipo nyingi, na zina tabia ya kujizima baba mkwe anapofika kwenye neno lenyewe.

Tukiwa bado kwenye sauti, nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo arusi zetu zinapoharibikia. Dote inabebwa na maneno. Msemaji wa upande wa bwana anajishusha kwa utani, msemaji wa wakwe anauliza ng'ombe wako wapi, shangazi anaingilia, watu wanacheka. Ukikosa maneno hayo umebaki na watu waliokaa kwenye viti vya plastiki. Na kwa kawaida msemaji mmoja ndiye mwenye maikrofoni, mwingine anapiga kelele tu. Kwa hiyo kila msemaji mtilie mfukoni simu ya zamani inayorekodi sauti, iwe kwenye hali ya ndege isije ikaita, na ile maikrofoni ya waya wa sikioni upitishe chini ya tai. Kuchukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye sono ni vizuri, ila pima kwanza: DJ akipandisha, sauti inapasuka, na iliyopasuka haishoneki.

Kusafisha: katisha kila kitu kilicho chini ya hezi 80 au 100 kwenye sauti za watu, mngurumo wa magari na upepo unaondoka. Kama kuna mvumo wa umeme kutoka kwenye nyaya, upo kwenye hezi 50, kisha 100, 150. Punguza sehemu hizo nyembambanyembamba. Kichujio cha kelele tumia kwa mkono mwepesi, ukizidisha watu wanasikika kama wapo ndani ya pipa. Mvua ya Bukavu juu ya mabati haina kichujio, weka muziki na picha za wageni uendelee na maisha. Maneno yacheze kwenye desibeli -12, vilele visipite -6, na muziki chini ya maneno ushuke hadi -25 hivi. Wengi mnaacha muziki juu mno kwa sababu mnasikiliza kwa spika za sikioni. Sikiliza mara moja kwa spika ya televisheni mbovu, hiyo ndiyo ya mteja.

Kuhusu kukata, mfano mmoja. Msemaji wa wakwe anasema: "Ng'ombe tumewaona, kamba ndiyo hatujaiona." Wengi wanakaa na uso wake hadi amalize, ndipo wanakata kwenda kwa anayecheka. Kinachotoka ni kama darasa: huyu anasema, yule anacheka. Jaribu hivi: tenganisha sauti na picha, vuta ukingo wa picha peke yake urudi nyuma hadi neno "tumewaona". Hapo picha inahamia kwa baba wa bwana arusi, na "kamba ndiyo hatujaiona" inasikika juu ya uso wake. Unamwona akielewa, mkono unaanza kwenda mfukoni kabla hajajijua. Kaa naye hadi kicheko kipasuke, hesabu sekunde mbili, ndipo ufungue picha pana ya ukumbi. Hakuna athari wala mpito wa kuzunguka uliotumika. Ile mioyo inayoruka na kurasa zinazojikunja, mteja akiziomba mwekee kwenye jina la mwanzo, zisiingie kwenye dote.

Kwa kasi, zoeza vidole vitatu: J kurudi nyuma, K kusimama, L kwenda mbele, L mara mbili kasi maradufu. Programu karibu zote zinazielewa. Saa sita za video huwezi kuzipitia kwa kuburuta na kipanya.

Umeuliza pia ile mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye video ya ukumbini. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera ikiwa na shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/60 ya sekunde, kama vifaa vingi vinavyokuja vimewekwa, haipatani nazo. Weka fremu 25 na shata 1/50, au 1/100. Ila ukumbi ukiwa kwenye jenereta hesabu hii haishiki daima: jenereta ikilemewa inazunguka polepole na zile hezi 50 zinashuka. Hapo sogeza shata kidogokidogo huku ukitazama skrini mpaka mistari itulie. Iliyokwisha kurekodiwa ni ngumu kuiponya, tumia kamera ya upande mwingine pale ilipo mibaya zaidi.

Rangi sitasema mengi. Linganisha kamera tatu kwanza, mapambo baadaye. Gauni jeupe lisiungue, likiungua halirudi. Uso ukiwa giza pandisha sehemu za kati peke yake, weusi wa suti ubaki weusi. Ukipandisha picha nzima unapata majivu. Kwenye vektaskopu, kipimo cha rangi kilichomo ndani ya programu, kuna mstari wa rangi ya ngozi, na ngozi zetu na za Wazungu zote zinaangukia karibu na mstari huohuo, tofauti ni mwanga tu. Filta za kung'arisha uso zinazofanya bibi arusi asifanane na mama yake, mimi siziweki hata kwa nyongeza ya dola.

Sasa umeme wenyewe. Washa kuhifadhi kwa otomatiki kila dakika chache, hilo unalijua. Lisilojulikana ni hili: kwa kawaida faili la MP4 linaandikiwa faharasa yake mwishoni kabisa. Umeme ukikatika filamu ikiwa imefika asilimia 97, hufungui hata dakika moja. Faili la MKV likikatika, sehemu iliyoandikwa inafunguka. Basi toa filamu kwa vipande, dote peke yake, kanisa peke yake, ukumbi peke yake, kila kimoja kwa MKV, kisha uvibadilishe kuwa MP4 kwa LosslessCut, ambayo haibani upya na inachukua dakika chache. Na ikiwa ni kamera iliyozimika katikati ikakuachia faili lisilofunguka, usilifute. Tafuta zana iitwayo untrunc, uipe na faili zima lililorekodiwa na kamera ileile kwa mipangilio ileile, mara nyingi inalifufua.

Kukabidhi: mteja ataweka flashi kwenye televisheni. Televisheni nyingi za zamani zinataka flashi ya FAT32, na FAT32 haipokei faili linalopita GB 4. Toa kwa H.264, sauti AAC, 1920 kwa 1080, kasi ya megabiti 8 kwa sekunde. Saa moja inakuwa GB 3.6 na kidogo cha sauti, inaingia. Hiyo ni sababu ya pili ya kutenganisha vipande. Familia ikitaka YouTube, watengenezee nakala nyingine yenye sauti za kwaya yao wenyewe, maana rumba ya msanii itatambuliwa na mfumo wa haki na video inaweza kuzuiwa. Na usimpe mtu video mbichi ya pekee. Nakili kadi kwenye disiki mbili kabla hujaifuta, na moja isilale nyumba moja na laptop. Wa kwetu wengine wanaituma hata kwa mashua kwenda kwa ndugu ng'ambo ya ziwa, ni nafuu kuliko megabaiti.

CapCut ya simu kwa mwaliko au kipande cha dakika moja cha WhatsApp, sawa kabisa, tumia. Kwa saa sita za dote, hapana.

Leo usiku chukua klipu moja ndefu ya simu, ile ya mchungaji, ipitishe HandBrake kama nilivyoandika, iweke juu ya sauti ya sono, kisha nenda moja kwa moja dakika ya 40. Midomo ikiwa bado inaachana, weka hapa picha ya ukurasa wa MediaInfo na aina ya simu, tutaangalia.