Filamu ya Mpigania Uhuru: Kwanza Mnyang'anye Ushindi Wake

Ukipewa kazi ya kuongoza filamu kubwa ya maisha ya mtu aliyelipigania taifa lake hadi likapata uhuru, usidhani tatizo lako la kwanza ni bajeti. Tatizo ni kwamba kila mtu kwenye seti anajua huyu bwana atashinda. Mwandishi wa skripti anajua. Mwigizaji mkuu alimsoma shuleni. Mshona maleba amekua akiiona picha yake ukutani, na hata kijana aliyekuja kusimama kwenye umati kwa malipo ya siku moja anajua. Basi mwigizaji anatembea kama sanamu, wasikilizaji wanashangilia kabla sentensi haijaisha, na mtazamaji anakaa tu kungoja bendera ipande.

Filamu ya namna hii nimeiongoza, na kabla ya hapo nilikuwa msaidizi wa mwongozaji kwenye kazi nyingine za kihistoria. Karibu kila uamuzi mzuri niliouona kwenye seti hizo ulifanya kitu kimoja: ulimrudisha kiongozi kwenye siku ambayo hakuna aliyejua mambo yangeishaje.

Anza na skripti. Kabla ya kuuliza alizaliwa wapi na alisoma wapi, uliza ni siku gani angeweza kuanguka, na nani alikuwa na hoja nzito ya kumpinga siku hiyo. Chukua mkutano wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, uliofanyika Tabora, Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi waliuona utaratibu huo kuwa ni tusi, wakataka chama kisusie. Nyerere akasimama kuwaomba washiriki. Hoja yake ikapita, lakini Zuberi Mtemvu hakukubali; alijitoa akaunda chama chake, African National Congress. Sini kama hiyo ni dhahabu, ila tu ukimpa Mtemvu maneno yenye nguvu ile ile aliyonayo Nyerere. Mtazamaji anatakiwa afike mahali ajiulize: mimi ningekuwa ukumbini pale, ningeunyosha mkono wangu upande gani? Ukimfanya mpinzani kuwa mtu mwenye wivu au kichwa kigumu, umeshamwambia mtazamaji nani yuko sahihi, na dakika zote za mjadala zinakuwa za kupitisha muda.

Au tazama Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, 30 Juni 1960, siku Kongo ilipopata uhuru. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji ameshahutubia na kumsifu Leopold II, mfalme aliyeitia Kongo mikononi mwake. Rais Kasavubu naye amesema yake kwa upole. Waziri Mkuu Lumumba hayumo kwenye ratiba ya wasemaji, lakini anasimama na kutaja mbele ya mfalme mateso ya ukoloni. Leo hotuba ile tunaisikia kama wimbo wa ushindi. Asubuhi ile ilikuwa ni hatari, na aliyeitoa aliuawa 17 Januari 1961, hata miezi saba haijatimia. Mwongozaji anayeelewa hilo hataiacha kamera igande kwa msemaji. Ataipeleka kwa mfalme, kwa Kasavubu, na kwa yule mbunge anayepiga makofi huku akiangalia nani mwingine anapiga.

Kwa mwigizaji mkuu, nina jambo moja ambalo watu hulisahau. Rekodi za sauti na picha tulizonazo za viongozi hawa, nyingi ni za baada ya kushika madaraka. Mwigizaji anakaa miezi akiiga sauti nzito, mwendo wa taratibu na mapumziko marefu katikati ya sentensi. Hiyo ni sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Akiwa na miaka thelathini na kitu, akiomba nafasi ya kusema mbele ya wazee waliomzidi umri na fedha, hakuwa akizungumza hivyo. Mpe mwigizaji wako rekodi za mwanzo kama zipo. Kama hazipo, tafuta wazee waliomfahamu kijana, uwaulize mambo madogo madogo: alikuwa anakaaje kwenye kiti cha watu, mikono aliiweka wapi akiwa na wasiwasi, alikuwa anacheka kwa sauti au la. Sisi tulifanya mazoezi ya sini za mwanzo huku waigizaji wa pembeni wakiruhusiwa kumkatiza mhusika mkuu wakati wowote. Mwigizaji wetu alilazimika kuipigania nafasi ya kumaliza hoja yake. Mabega yakashuka, shingo ikasogea mbele, akaanza kusema haraka. Hapo tukampata kijana tuliyekuwa tukimtafuta.

Sasa umati, ambao ndio unaoipa filamu hizi ukubwa wake na ndio unaoharibiwa zaidi. Katika filamu ya Richard Attenborough kuhusu Gandhi, sini ya mazishi ilipigwa tarehe 31 Januari 1981, miaka 33 kamili baada ya mazishi yenyewe, na watu zaidi ya 300,000 walijitokeza. Wengi walikuja kwa hiari yao. Umati wa namna hiyo huupati tena, na wala huuhitaji. Mazishi yale yana nguvu kwa sababu wale watu walikuwa na jambo moja moyoni. Umati wa mkutano wa siasa hauko hivyo hata kidogo. Yupo aliyekuja kwa imani, yupo aliyefuata rafiki, yupo anayeogopa kupoteza kazi akionekana pale, na yupo askari kanzu.

Kwa hiyo ugawe. Usipange safu za watu mia mbili ukawaambia "shangilieni". Wape watu sababu, kumi kumi hivi, kila kundi na yake, na usiwaeleze makundi mengine wamepewa nini. Hotuba wasiisikie kwenye mazoezi. Waisikie kwa mara ya kwanza kamera ikiwa imeshawashwa. Mtu mmoja kwenye umati wetu nilimpa koti, daftari dogo na penseli, nikamwambia aandike kila anachosema mhutubu kwa sababu kesho ataulizwa. Waliomzunguka hawakuambiwa kitu. Baada ya dakika chache walianza kumpisha, mmoja mmoja, hadi ikabaki nafasi ya mduara kumzunguka, na mama mmoja aliyekuwa akiitikia kwa nguvu akapunguza sauti kila alipogeuka upande ule. Hakuna mwandishi angeweza kuiandika sini hiyo. Mpiga picha wetu alikuwa na lenzi ndefu, akaipata yote.

Siku ya umati, maji, kivuli na vyoo viwe tayari kabla ya kamera, kwa maana mtu aliyesimama juani na kiu hakupi uso unaoutaka. Mtu wa maleba akague safu za mbele kwa macho yake: saa za mkononi, viatu vya kisasa, mitindo ya nywele, alama ya miwani ya jua puani. Safu za nyuma zitajificha zenyewe kwenye vumbi.

Mtawala wa kikoloni naye mwongoze kwa heshima ile ile ya kisanaa. Mwaka 1960 Gavana Patrick Renison alimtaja Jomo Kenyatta kuwa ni kiongozi wa kuipeleka Kenya gizani na mautini. Mwaka 1963 Kenyatta alikuwa waziri mkuu. Mwigizaji akiyasema maneno ya Renison kwa dharau ya mtu muovu wa kwenye vichekesho, watu watacheka na hatari itatoweka. Ayaseme kama mtu anayeamini kabisa kwamba anaiokoa nchi. Hapo mtazamaji ataelewa kwa nini uhuru ulikuwa mgumu kupatikana.

Na wenzake kwenye harakati wasiwe watu wa kuitikia tu. Bibi Titi Mohamed aliwaingiza maelfu ya wanawake TANU kupitia vikundi vyao vya ngoma, wakati wanaume wengi wenye ajira serikalini hawakuruhusiwa kujiunga na siasa. Ukimpa mtu kama huyo sini mbili za kuimba, umepoteza nusu ya maelezo ya chama kilivyokua. Hili linaniuma sana kila ninapoliona.

Kuhusu fedha za serikali na baraka za familia, pokea vyote ukiweza, lakini haki ya uhariri wa mwisho iandikwe kwenye mkataba kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha. Familia ina haki ya kuheshimiwa na kusikilizwa. Kuchagua sini zipi zibaki si kazi yake.

Sini ya bendera ipange mapema kwenye ratiba, usiiache siku za mwisho. Mwishoni kikosi kizima kinasherehekea kumaliza kazi, na furaha hiyo inaingia kwenye nyuso. Mwanzoni waigizaji bado wanapimana, wamekaza misuli, na hivyo ndivyo ulivyo usiku wa mtu anayekabidhiwa nchi. Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa ili yeye akakijenge chama. Mwigizaji anayesimama chini ya bendera ayajue hayo yanayokuja, na ayabebe usoni. Kisha kwenye uhariri kata makofi yakiwa bado yanapanda, uende moja kwa moja ofisini asubuhi, mafaili yakiwa mezani na watu wamejaa mlangoni wakitaka kumwona.